Gari iliitwa kiwandani ikarekebishwe Japan, wewe uko Utawala, Nairobi: maswali yenu kuhusu vani za familia

Barua za mwezi huu karibu zote ni za vani. Noah, Voxy, Serena, Sienta, Alphard, zile gari za kupeleka watoto shule asubuhi na shosho kanisa Jumapili, na karibu kila mtu anauliza kitu kimoja kwa njia yake: hizi rikoli tunazosikia, kampuni inaita magari yake irekebishe kitu, zinanihusu ama ni mambo ya watu wa ng'ambo? Nimechukua barua tano. Majina ya yadi na ya gari zilizolalamikiwa nimeyatoa, wenyewe mnajijua.

SWALI: Habari fundi. Tuko na Noah ya 2011, tuliuziwa na mtu tu sio yadi, na haijatusumbua hata siku moja. Sasa shemeji yangu ako Marekani ametuma kwa grupu ya familia ati eabegi (ile mifuko ya hewa ya gari) za kampuni ya Takata zinaua watu na tuache kuendesha gari mara moja, tena kwa herufi kubwa. Nimeingia kwa wavuti ya serikali yao nikaweka namba ya chasi ikakataa, inasema namba ni fupi. Bwanangu anasema kama gari ingekuwa na shida tungeshaambiwa. Nani ako sawa? (Mama Mapacha, Utawala)

JIBU: Mama Mapacha, shemeji ako sawa nusu, na Baba Mapacha hayuko sawa kabisa, mwambie nimesema mimi.

Nianze na yeye. Nani angewaambia? Kampuni ikiita gari kule Japan inaandikia barua mwenye gari aliye kwa rekodi za Japan, na huyo mtu aliuza gari kitambo, ikafutwa usajili, ikapandishwa meli, ikashuka Mombasa, ikapata namba ya K, ikauzwa mara ya kwanza, ya pili, sasa iko kwako Utawala. Logibuku yako iko NTSA, wale wanaosajili magari hapa Kenya, kiwanda Japan hakijui kama uko duniani. Kwa hivyo ukikaa kungoja kuambiwa utangoja sana. Gari ya kuagiza ni wewe unaitafutia habari yake.

Sasa hiyo namba fupi. Gari za Marekani ziko na namba ya herufi na tarakimu 17, na ile wavuti yao inataka hizo 17. Gari iliyotengenezewa soko la Japan haina hiyo, iko na kitu kama ZRR70, halafu kistari, halafu tarakimu saba. Hiyo ndio chasi yako yote, haijakatwa. Kwa hivyo wavuti ikikataa haimaanishi uko salama na haimaanishi uko hatarini, umebisha tu mlango wa jirani. Mlango wako ni ukurasa wa rikoli wa Toyota ya Japan yenyewe (Nissan na Honda pia wako nao), uko na visanduku viwili, cha kwanza unaweka zile herufi za kabla ya kistari, cha pili tarakimu za baada. Ni Kijapani chote lakini simu itakutafsiria ya kutosha. Itakuonyesha kama chasi yako iko kwa rikoli yoyote na kama kazi ilifanywa. Piga skrinishoti, weka tarehe.

Na hapa ndio watu wengi hupotelea: rikoli inafuata chasi. Mtu anasikia Noah imeitwa anafikiri ni Noah zote, ama anasikia Noah ya jirani iko sawa anafikiri na yake iko sawa. Noah mbili zimepark pamoja hapo nje, rangi moja, mwaka mmoja, moja iliitwa na nyingine haikuitwa, kwa sababu zilitoka kiwandani miezi tofauti ama kifaa kilitoka kwa muuzaji mwingine. Jina la gari na mwaka havikupi jibu.

Kuna kitu kingine unaweza kuangalia leo leo bila intaneti. Fungua mlango wa dereva, tazama kwa nguzo pale karibu na ile ndoano ya chuma mlango unaposhikia. Gari ikifanyiwa rikoli Japan mara nyingi fundi wao anabandika hapo kistika kidogo sana kimeandikwa No. na tarakimu, nayo ndio namba ya hiyo rikoli. Ukikipata ujue hiyo kazi moja ilifanywa. Usipokipata usianze kulia, pengine hakukuwa na rikoli ya aina hiyo, pengine gari ilipigwa rangi na mtu akakibandua akidhani ni uchafu, nimeona hiyo mara nyingi sana kwa gari zimepitia mikono mingi.

Turudi kwa Takata yenyewe, maana ujumbe wa shemeji umechanganya mambo mawili. Ndani ya eabegi kuna mkebe wa chuma wenye kemikali inayolipuka ili ujaze mfuko haraka. Takata walitumia ammonium nitrate, ndugu wa ile ya mbolea, na nyingi hazikuwekwa dawa ya kukausha unyevu. Miaka ikipita, joto na unyevu vikiingia na kutoka, ile kemikali inaharibika, siku ya ajali inawaka kwa nguvu kupita kiasi na ule mkebe unapasuka, vipande vya chuma vinarushwa kwa uso na shingo ya mtu. Watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka nazo na michubuko tu. Marekani peke yake ziliitwa karibu eabegi milioni 67, ndio rikoli kubwa kuliko zote za magari, na Takata wakafilisika Juni 2017. Hiyo ni kweli kabisa.

Lakini ile ya "usiendeshe kabisa" ilianza na kundi dogo, Honda na Acura za Marekani za 2001 hadi 2003, na Honda Odyssey ya 2002 ilikuwa kwa hiyo orodha. Mwaka 2016 serikali yao ilisema baadhi ya hizo zilipopimwa maabara uwezekano wa kupasuka ulifika asilimia 50. Noah ya 2011 ya Japan haimo kwa hilo kundi. Kwa hivyo angalia chasi kwanza ndio ujue unaogopa nini.

Japan wenyewe kuanzia Mei 2018 walianza kukataza gari zenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa kupita ukaguzi wao wa barabarani, ule wa shaken, na hiyo ilisukuma wengi kurekebisha. Lakini gari yako ya 2011 pengine ilitoka Japan kabla ya hapo, na gari ikishafutwa usajili ikauzwe nje, shaken haiigusi tena. Na ile cheti ya ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa usiichukulie kama jibu la rikoli.

Ukipata chasi yako iko wazi, yaani iliitwa na kazi haikufanywa, chapisha ule ukurasa, peleka kwa wakala rasmi wa hiyo kampuni hapa Nairobi na umuulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi: kifaa kipo, na nani analipa? Usikubali jibu la mdomo la kijana wa mapokezi. Wakati unangoja, kama taarifa inataja eabegi ya abiria, kiti cha mbele kushoto kikae bure, kila mtu nyuma na mshipi. Na tafadhali usimpe fundi wa kando ya barabara aitoe na bisibisi, kile ni kilipuzi. Ndugu zetu wa Mombasa, nyinyi ndio mfanye haraka zaidi, ule unyevu wenu na lile joto ndio chakula cha hii shida.

SWALI: Fundi nisaidie nina hasira. Tulinunua vani ya watu saba kwa yadi, mlango wa kuteleza wa umeme, watoto waliupenda sana. Juzi tukiwa Thika Road karibu na Roysambu mlango wa kushoto ukajifungua pole pole gari ikienda, binti yangu wa miaka sita amekaa pale pale, kama si mshipi sijui ningekuwa naandika nini. Nimerudi kwa yadi wananiambia niliinunua nikiiona. Rafiki anasema hizo gari ziliitwa Marekani kwa sababu ya milango. Nifanye nini? (Baba Binti, Kahawa Wendani)

JIBU: Baba Binti, pole sana, na huyo aliyemfunga mtoto mshipi mnunulie soda.

Kabla ya kusoma mbele fanya kitu kimoja. Kwa dashibodi upande wa kulia wa usukani, ama ndani ya sanduku la mbele la abiria kwa gari zingine, tafuta swichi imeandikwa PWR DOOR OFF ama kitu cha kufanana. Izime. Mlango utakuwa wa mkono kama wa matatu, watoto watanung'unika, wacha wanung'unike. Weka loki ya watoto, ile kiswichi kidogo kwa ukingo wa mlango, na yule binti ahamie kiti cha upande mwingine mpaka mlango ushughulikiwe.

Rafiki yako hajadanganya. Novemba 2016 Toyota waliita Sienna karibu 744,000 Marekani, za 2011 hadi 2016, kwa sababu mlango wa umeme ukikwama mota ilikuwa inavuta umeme mwingi mpaka fyuzi inakatika, na ikikatika wakati loki iko nusu wazi mlango unaweza kufunguka gari ikitembea. Mwaka 2018 Honda nao wakaita Odyssey kama 107,000 kwa loki za milango hiyo hiyo. Lakini hizo zote ni za usukani wa kushoto, hazikutengenezewa barabara zetu, na ile uliyotaja ni gari nyingine. Angalia chasi yako kama nilivyomwambia Mama Mapacha hapo juu, ikionyesha haina rikoli usifikiri mlango umepona, maana gari nyingi za hapa shida ya mlango ni uzee na uchafu na mafundi.

Mlango wa namna hii unafungwa kwa hatua mbili. Kwanza loki inashika jino la kwanza, halafu kuna kimota kidogo kinauvuta ndani hadi jino la pili. Hicho kimota kikichoka, ama loki ikijaa vumbi, mlango unashika jino la kwanza tu, ukiutazama kwa nje unaona umefungwa kabisa lakini ukisukuma na kiganja unacheza. Taa ya mlango kwa dashibodi ndio inajua. Kama taa yako iliwaka na kuzima ukipita matuta, umepata mchawi. Kama haiwaki hata mlango ukiwa wazi kabisa, mtu aliikata waya, na hiyo ni mbaya zaidi, uliza yadi.

Pitisha kidole kwa rela ya chini. Utakuta maganda ya njugu, kifungo cha sweta ya shule, kifuniko cha Bic, na grisi nyeusi ambayo fundi fulani aliweka akifikiri anasaidia. Grisi kwa rela inakusanya vumbi inakuwa kama sandipepa. Futa yote na kitambaa, osha, kausha. Halafu angalia waya wa kuvuta mlango kama umeanza kuchanika nyuzi, hiyo ndio hufa kwanza, na dawa ya fundi wengi ni kuukata wote na kukuachia mlango wa mkono, na mimi sina shida na hiyo dawa, shida yangu ni wale wanakata waya na kuacha mota na moduli zimeunganishwa bado zinatafuta kazi. Na mwisho simama nyuma ya gari utazame nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini. Kama juu kunaingia kidole na chini haingii, hiyo gari iligongwa ikanyooshwa, na loki haiwezi kukutana na ndoano yake vizuri hata ukibadilisha kila kitu.

Sasa yadi. "Ulinunua ukiiona" ni maneno ya kukufukuza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na kulindwa afya na usalama wake, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Fanya hivi: peleka gari ikaguliwe na mtu anayeandika ripoti kwa karatasi, AA ama gereji yenye muhuri, sio sauti ya WhatsApp. Andikia yadi barua na ripoti, taja gharama ya kurekebisha, wape siku za kujibu. Wakikataa kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na sheria inataka imalize ndani ya siku 60. Hata kama gari ilikuwa milioni mbili wewe unadai bei ya mlango, kwa hivyo unaingia, na si lazima uende na wakili. Naona watu wanachapa malalamiko Facebook mwezi mzima, yadi inawablock, basi. Karatasi ndio yadi huogopa.

SWALI: Niaje fundi, nimepata Alphard ya old, 2.4, iko safi ndani kama sebule, mwenyewe anauza bei ya kuongea. Lakini kila mtu nikimwambia anasema injini ya 2AZ inakunywa oili. Kama ni kweli si kampuni ingeita hizo gari? (Kijana wa Embakasi)

JIBU: Kijana, si kila lalamiko huwa rikoli. Rikoli ni ya usalama: breki, usukani, moto, eabegi, gari kuzima katikati ya barabara. Gari ikikunywa oili itakuumiza mfuko lakini sheria haioni kama itakuua. Hata Japan wamezigawanya, kuna rikoli yenyewe, chini yake kuna marekebisho ya vitu visivyovunja kanuni ya usalama moja kwa moja, na chini kabisa kampeni ya huduma ya vitu vidogo.

Kuhusu 2AZ-FE, watu hawakusingizii. Ndio iko kwa Alphard, Estima na Ipsum nyingi unazoona hapa. Pistoni zake, hasa za miaka ya katikati ya 2000, tundu za kurudisha oili zinaziba na ringi zinashika, oili inapanda inachomwa. Marekani malalamiko ya wenye Camry na RAV4 zenye injini hiyo yalikuwa mengi mpaka Toyota wakaongeza dhamana ya kubadilisha pistoni na ringi. Hawakuita gari, waliongeza dhamana tu, na hiyo dhamana haikufika Embakasi. Nissan walifanya kitu cha kufanana 2009 na giaboksi za CVT (otomatiki za mkanda) za gari za 2003 hadi 2010 huko huko Marekani, wakaziongezea dhamana hadi miaka 10. Kwa hivyo malalamiko ya wenye gari yasome sana ukiwa unanunua, rikoli hazitakuambia mambo ya oili na giaboksi.

Enda asubuhi injini ikiwa baridi, umwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Akikuambia ameipasha joto kidogo kwa ajili yako, shuku. Chomoa kijiti cha oili uone kiwango na rangi. Mtu mwingine awashe wewe ukiwa kwa ekzosi, moshi wa bluu unaotoka kwanza kisha unaisha ndio oili inayochomwa. Endesha mpaka Athi River na kurudi, chomoa tena. Uliza risiti za oili, na ukiona kwa buti kuna chupa ya lita moja imebaki robo, umeshajibiwa. Bei ikishuka kiasi cha kufungua injini, nunua kama unaipenda, ni gari tamu. Isiposhuka, sebule ziko nyingi.

SWALI: Taa ya eabegi kwa vani yangu haiwaki kabisa, hata nikiwasha switchi. Fundi wa Kirinyaga Road anasema hiyo ni nzuri, inamaanisha hakuna shida. Pia amenipa bei ya eabegi ya mtumba nikitaka. (Dereva, Umoja)

JIBU: Hapana. Ukifungua switchi taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache halafu izime, hapo ndio kompyuta inajipima. Ikibaki inawaka kuna kasoro. Isipowaka hata kidogo, mara nyingi mtu ameitoa balbu ama ameiziba baada ya ajali, na pale kwa usukani pengine kuna kifuniko tu na hakuna mfuko ndani. Wengine wanaweka rezista ili kompyuta idhani eabegi iko, hapo taa inawaka na kuzima vizuri kabisa na bado hakuna kitu, kwa hivyo kama gari iliwahi kugongwa lipa fundi wa umeme mwenye mashine aifungue aone kwa macho.

Eabegi ya mtumba usinunue. Hujui ilitoka kwa chasi gani, inaweza kuwa ni ile ile Takata ilikuwa inaitwa, imetolewa kwa gari iliyokatwa na kuwekwa kwa rafu Grogan, pale kwa spea za mtumba. Halafu umelipa pesa kuiweka mbele ya uso wako.

SWALI: Binamu yangu Marekani aliambiwa apark vani yake ya haibridi nje, mbali na nyumba. Yetu ni Noah haibridi, tuko fleti, parking iko chini ya jengo. Caretaker ameanza kutuangalia vibaya. (Mama Junior, South B)

JIBU: Hiyo ya binamu labda ni Chrysler Pacifica ya kuchomeka umeme, iliitwa Februari 2022, za 2017 na 2018, kwa sababu ya moto hata ikiwa imezimwa. Noah haibridi ya kizazi cha 2014 haichomekwi ukutani na betri yake ni ya nikeli, si ya lithiamu kama ile. Endelea kupark pale pale. Angalia chasi yako tu kama wengine, na betri yako iko chini ya viti vya mbele kwa hivyo usijaze mifuko ya Naivas kwa tundu zake za hewa. Caretaker muonyeshe hii kurasa.